Wazee wanakuja kutoka Mombasa: niwapeleke wapi kula kwa Waitalia wa Boston?

Swali: Naishi Lowell, Massachusetts. Mwezi Mei wazazi wangu wanakuja kutoka Mombasa kwa mahafali ya mdogo wangu, na baba anataka sana kuuona North End, ule mtaa wa Waitalia wa Boston. Tutakuwa watu sita. Baba hali nguruwe wala hagusi pombe, mama magoti yanamsumbua, na mimi naogopa bili. Mara ya mwisho nilikwenda Jumamosi usiku. Tukapanga foleni zaidi ya saa nzima, pasta ikatushinda kumaliza, na pesa nilizolipa sikuzitarajia. Nichague mkahawa gani?

Jibu: Dada yangu, sitakutajia mkahawa mmoja, na sababu ya kutokutajia ndiyo jibu lenyewe.

Nimebeba sahani kwenye mtaa huo miaka saba, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba North End ni mtaa wa vyumba vidogo. Kuna mikahawa ambayo jiko lake halizidi sebule ya nyumba ya kupanga. Nyumba kama hiyo haiwezi kupika kila kitu vizuri, kwa hiyo hushika kitu chake kimoja au viwili na kukishikilia miaka hamsini. Ukiketi mahali pamoja ukaagiza kuanzia mkate mpaka kahawa, utakuwa umelipia vitu vinne huku kimoja tu ndicho walichobobea. Wenyeji huula mtaa ule kwa mafungu: kipande cha piza nyumba hii, samaki nyumba ile, kahawa mahali pa tatu, kitamu mahali pa nne. Mkahawa mwingi mdogo hauuzi hata kitamu cha mwisho, maana mwenye duka la keki yuko mlango wa tatu na kila mtu anajua kwamba ndiko mnakokwenda.

Kwa wazee wako hili ni jema mara mbili. Mtakula kidogo kidogo, na mama atapata kukaa kila baada ya hatua chache.

Mweleze baba kwanza anakwenda kuona nini. Huu ndio mtaa wa makazi mkongwe kuliko yote Boston. Watu wamekaa hapo tangu miaka ya 1630. Nyumba ya Paul Revere, shujaa wa vita vya uhuru wa Marekani, ilijengwa karibu mwaka 1680 na bado imesimama, na kanisa la Old North la mwaka 1723 ndilo lililotundikwa taa mbili usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 kuonya kwamba askari wa Uingereza wanakuja kwa njia ya maji. Waitalia hawakuwa wa kwanza hapo. Walitanguliwa na Waairishi waliokimbia njaa, na Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliofungua maduka yao Salem Street. Mamake Rais Kennedy, Rose, alizaliwa mtaani humo mwaka 1890 katika familia ya Kiairishi. Kisha ikaja mikururo ya Waitalia: kati ya 1880 na 1920 waliingia Marekani zaidi ya milioni nne, wengi wao wakulima na wavuvi maskini wa kusini. Waliofika North End walikaa kwa vijiji vyao, watu wa Sicily barabara hii, wa Abruzzo ile, wa Campania nyingine. Wavuvi waliotoka mji wa Sciacca walikaa upande wa North Street, karibu na gati.

Hapo ndipo chakula kinapoeleweka. Kama baba yako amewahi kushinda Malindi, huenda anadhani tayari anawajua Waitalia na chakula chao. Wale wa Malindi walianza kuja miaka ya 1960, wakati wa ule mradi wa kurusha setilaiti wa San Marco, na waliofuata walikuja kwa ndege, wakiwa na pesa mkononi. Wanakula kama wanavyokula kwao leo: pasta kidogo kwanza, kisha samaki au nyama kwenye sahani yake. Wa North End ni watoto wa watu ambao kwao nyama ilikuwa ya sikukuu. Walipofika Boston wakakuta kibarua cha wiki moja kinaweza kununua nyama ambayo kijijini ilikuwa ya mwaka, na nyanya za mkebe zinapatikana kila duka. Basi wakafanya ambalo mtu yeyote aliyekua na njaa angelifanya. Kababu ambazo kwao zilikuwa ndogo kama kokwa wakazifanya kubwa kama ngumi, wakaziweka juu ya spageti, wakamwaga sosi mpaka ukingoni. Biringani zilizookwa kwa jibini, ambazo huko kusini ndizo zilizokuwa parmigiana, wakazigeuza kuwa kuku.

Kwa hiyo mtu akikwambia chakula cha North End si cha Kiitalia halisi, usibishane naye wala usimwamini. Ni chakula halisi cha watu waliohama. Wewe unayepika pilau Lowell kwa viungo ulivyobahatika kupata unalijua jambo hili kuliko yeye. Lakini ndiyo sababu pasta yenu iliwashinda: sahani moja ya kule inatosha watu wawili. Agizeni sahani tatu kwa watu sita, muombe sahani tupu za kugawana, na mhudumu mzuri hatakunja uso.

Sasa suala la baba, ambalo nitalikalia kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiulizia vibaya na wakala wasichokusudia.

Usiulize tu kama kababu zina nguruwe. Mara nyingi zina ng'ombe, ndama na nguruwe pamoja, hilo watakwambia mara moja. Hatari imo kwenye sosi. Ile sosi nyekundu ya Jumapili, ambayo wazee wengi wa mtaa huiita mchuzi, hupikwa tangu asubuhi na ndani yake hutumbukizwa mbavu za nguruwe, soseji na kababu zichemke humo humo saa nyingi. Nyama hutolewa ikaliwa peke yake, na sosi huenda juu ya pasta isiyo na kipande hata kimoja cha nyama kinachoonekana. Nimemwona kwa macho yangu mgeni akiagiza pasta tupu kwa sosi nyekundu, akishukuru kwamba amepata cha kula, na mimi najua sufuria ile ilikuwa na nini. Nilimfuata mezani nikamwambia. Swali la kuuliza ni hili: sosi hii ilichemshwa na nini? Kama wana sosi nyingine ya nyanya, vitunguu thomu na mrehani iliyopikwa kando, watakwambia, na nyumba nyingi wanayo.

Pili ni divai. Chochote kinachoitwa marsala kina mvinyo wa jina hilo, na ile sosi ya rangi ya waridi huwa imetiwa vodka. Kome na aina nyingine za chaza mara nyingi hufunguliwa kwa divai nyeupe sufuriani. Pasta zinazoitwa carbonara na amatriciana zina nyama ya nguruwe hata pale menyu isipoitaja. Kuku na ng'ombe, usihesabu kwamba wamechinjwa kihalali. Tena karibu kila mkahawa wa mtaa huo huuza divai, basi muulize baba mapema kama ataridhika kuketi humo. Asiporidhika, vingi nitakavyokutajia vinabebeka, na benchi za kukalia zipo.

Sasa twendeni safari yenyewe. Usiende Jumamosi, na usiende na gari. Sehemu za kuegesha ni za wakazi, na kigari cha kukokota magari hakina huruma. Panda treni ya Lowell mpaka North Station, kama dakika 45 hivi, kisha ni mwendo wa dakika kumi na kitu mpaka Hanover Street. Ikiwa magoti ya mama yamekataa, toka kituoni mchukue teksi ya dakika chache. Njiani mtavuka bustani ndefu iitwayo Greenway. Mwoneshe baba: miaka ya 1950 hapo palijengwa barabara kuu ya juu kwa juu iliyoutenga mtaa huu na mji wote, hadi ilipozikwa chini ya ardhi na bustani ikafunguliwa mwaka 2008. Wazee wa mtaa wengine wanasema ile barabara mbaya ndiyo iliyowahifadhi, maana hakuna tajiri aliyetaka kuishi nyuma yake. Nami nadhani wana hoja.

Fikeni siku ya kazi, kama saa tano asubuhi, mwende moja kwa moja Galleria Umberto, Hanover Street. Ni ukumbi wa mchana tu, hauna upambaji wowote, na unga wa siku ukiisha wanafunga. Mwaka 2018 walipewa tuzo ya James Beard inayotolewa kwa mikahawa ya kale ya Marekani inayopendwa na wenyeji wake. Piza yao ni ya Kisicily, ya mraba, nene, nyanya na jibini basi. Kwa baba ni nafuu kubwa, kikibaki cha kuulizia ni kimeng'enya cha kugandishia jibini tu, ambacho huweza kutoka kwa mnyama, kama yeye ni wa kujali hilo. Chukueni pia panzarotti: ni viazi vilivyopondwa, vikatiwa jibini katikati, vikakaangwa. Mama atakitazama atasema ni katlesi, na hatakuwa amekosea sana. Yale madonge ya wali yaliyokaangwa, arancini, yana nyama ndani, hayo waachieni wasiokuwa na sharti. Bebeni pesa taslimu, na hakikisheni kwa simu kwamba siku hiyo wamefungua.

Mkitoka, benchi za uwanja wa matofali ulio mbele ya sanamu ya Paul Revere zinawangoja, na kanisa la Old North liko nyuma yake pale pale. Mama akae. Watakuwapo wazee wa mtaa, wachache kuliko zamani kwa sababu kodi za nyumba zimewasukuma nje, lakini bado utawasikia wakizungumza lahaja ambazo hata Italia kwenyewe zinafifia.

Baada ya hapo, Polcari's, kona ya Salem Street na Parmenter. Hili si la kula, ni la mama yako. Ni duka la kahawa na viungo lililofunguliwa mwaka 1932, magunia na mitungi mpaka darini, na wanakupimia kwa mizani kiasi unachotaka. Mtu aliyezoea maduka ya viungo ya Marikiti ataingia hapo atanyamaza dakika nzima akinusa. Mwacheni.

Mlo mkubwa uwe saa nane au tisa mchana, wakati wa katikati ambapo foleni ya mchana imekwisha na ya usiku haijaanza. Hapa namshauri mtu wa pwani bila kusita: samaki. Wale wavuvi wa Sciacca hawakuacha bahari nyuma. Pale Daily Catch, Hanover Street, tangu 1973 wamekuwa wakipika ngisi kwa namna nyingi, na pasta yao nyeusi ndiyo ninayotaka mama yako aione. Ukumbi una viti kama ishirini, jiko liko mbele ya macho yako, moto unaruka. Pasta inakandwa kwa wino wa ngisi mpaka iwe nyeusi kama makaa, inarushwa kwenye mafuta ya zeituni, vitunguu thomu na ngisi aliyesagwa, kisha haihamishwi kwenye sahani. Kikaango chenyewe kinaletwa mezani, mpini umeelekea kwako, mafuta bado yanatoa povu pembeni. Unakula kutoka humo humo. Ladha si ya ajabu kwa mtu aliyekulia Mombasa: ni bahari, chumvi, na kitunguu thomu kilichoanza kugeuka rangi. Wageni wa bara husitasita mbele ya rangi ile. Mama yako aliyemchuna ngisi kwa vidole vyake hatasita.

Viti ishirini na nyinyi sita, basi kubalini kugawanyika meza mbili, ama mtangoja sana. Kumbukeni pia kwamba nyumba nyingi ndogo hazimkalishi mtu mpaka wenzake wote wafike. Usimtume mdogo wako atangulie akashike meza. Giacomo's, inayosifiwa na kila mtu kwa samaki na pasta, haichukui oda ya meza mapema kabisa, na foleni yake hupinda mpaka nje. Kwa magoti ya mama, iache. Piza ya Regina, Thacher Street, ambayo wapo tangu 1926, ni nzuri kweli, ila baada ya Umberto mtakuwa mmeshiba unga.

Ulitaja bili. Nikufungulie ilivyojengwa, maana hakuna aliyekutapeli. Bei ya menyu haina kodi. Boston hutoza chakula cha mkahawani asilimia 7: ya jimbo 6.25 na ya mji 0.75. Juu yake ni bakshishi, na huko asilimia 18 hadi 20 si hisani, ndiyo mshahara. Sheria ya Massachusetts inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 6.75 kwa saa pale kima cha chini cha wengine ni dola 15, kwa matarajio kwamba mezani patafidia. Mwaka 2024 wapiga kura waliulizwa kama pengo hilo liondolewe, wakakataa. Kwa hiyo mkila chakula cha dola 200, ongeza 14 za kodi na 40 za mhudumu, utoke na 254 kichwani kabla hujaketi. Na kwa kuwa nyinyi ni sita, isome bili polepole: mikahawa mingi huingiza bakshishi yenyewe kwa kundi la ukubwa huo, na nimeona familia ikilipa mara mbili bila kujua. Baadhi pia huweka ada ya jikoni, ambayo huwaendea wapishi. Hiyo haimfikii aliyewahudumia.

Vitu vya Umberto na vya kubeba havina mzigo huo wote. Hapo ndipo bajeti yako itakapopumua.

Kama umeona picha za meza barabarani Hanover Street na ukawaahidi wazee watakula nje, waombe radhi mapema. Meza zile zilikuja mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Mwaka 2022 mji uliwatoza wenye mikahawa wa North End peke yao dola 7,500 kuziweka, na 2023 ukazikataza barabarani mtaani humo. Wenye mikahawa waliumia sana, na niliwaonea uchungu. Lakini nimewahi kuishi ghorofa ya pili juu ya mkahawa, dirisha wazi, usiku wa Julai, na najua wakazi walikuwa wanalia nini.

Kahawa mnywe Caffè Vittoria, iliyopo tangu 1929, penye mashine za kale za kukamulia kahawa zilizopangwa kama makumbusho. Mwagizie baba espresso bila sukari. Kikombe kile kidogo, uchungu ule, na wazee waliokaa na kikombe kimoja saa nzima wakijadili siasa: atajiona yuko baraza ya Mji wa Kale, imekosekana halua tu. Meza zake ni za kukaa, hakuna atakayewafukuza.

La mwisho ni cannoli, nawe ungelinifuata kuniuliza kama nisingelitaja. Watu hugombana kati ya maduka mawili ya keki, Mike's la mwaka 1946 na Modern la 1930, yote Hanover Street, na foleni ya Mike's utaiona kwa mbali pamoja na wale wanaotoka na sanduku jeupe lililofungwa uzi. Mimi huenda Modern kwa sababu moja tu: wanajaza mbele yako. Ganda la cannoli ni unga uliokaangwa mpaka ukawa kama kioo, na krimu ya jibini la ricotta ina maji. Vikikaa pamoja, ganda linalegea na kuwa kama mkate wa jana. Likijazwa sasa hivi, meno yanapoingia unasikia mvunjiko, kisha ubaridi wa ricotta, utamu wake mdogo kuliko ulivyotarajia. Lakini kwa baba, uliza kwanza: kwa desturi ya Sicily ganda hutiwa mafuta ya nguruwe na tone la marsala. Wakisema ndivyo walivyofanya, mchukulieni gelato, aiskrimu ya Kiitalia, ya pistachio, wala asijione amenyimwa.

Na mkirudi kituoni, mwambie baba hadithi ya kwenu Lowell. Mwaka 1912 wahamiaji watatu wa Sicily walianza kutengeneza spageti katika duka dogo la Prince Street, North End, wakaita kampuni yao Prince kwa jina la barabara. Ilipokua ikahamia Lowell, kiwanda kilijengwa huko mwaka 1939, na kikafanya kazi hadi 1997. Lile daraja la reli la Gorham Street lenye neno Spaghettiville, unalopita chini yake labda kila wiki, limetoka kwenye mtaa mliotoka kula. Mpeleke alione kesho yake kukiwa na mwanga. Sanduku la cannoli lisingoje kesho: likateni uzi treni ikipita Winchester, mle zikiwa bado zinavunjika.